Diski imetoka Mac ya Goma, imefika Windows ya Bukavu, video nyingi hazipo: kosa la exFAT au la nani?

KameraYaHimbi (Goma)
Wakubwa, habari za leo. Tulipiga harusi hapa Goma kwa kamera mbili za Sony, kila moja na kadi ya SD ya GB 64. Mwenzangu akakopi kadi zote kwenye MacBook, kisha akazitia kwenye diski ya nje ya TB 2 aliyoifomati exFAT (mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye diski) kwenye Mac hiyo hiyo. Diski ikapanda boti kwenda Bukavu kwa mtu wetu wa montaji (kuhariri video), ambaye mashini yake ni Windows. Alipoichomeka tu, Windows ikamwambia diski ina tatizo, ikaomba ruhusa ya kuikagua na kuirekebisha. Akakubali.

Anachoona sasa: faili nyingi sana za KB 4 zenye majina yanayoanza na nukta na mstari (._C0001.MP4, ._C0002.MP4). Video kadhaa zinacheza vizuri. Mbili zina jina na ukubwa wake kamili lakini hazifunguki. Na sehemu yote ya kanisani haipo, hata jina halipo. Kwenye Mac folda zilishafutwa ili kupata nafasi. Kadi moja bado haijaguswa, ya pili imeshapigiwa matanga.

Mimi nasema wazi: exFAT haifai kubebea kazi ya mteja. Ninyi mnapitisha video zenu kwa njia gani kati ya Mac na Windows?

FundiKadutu (Bukavu)
Dada, kabla ya mjadala: hiyo diski isichomekwe tena mahali popote, na ile kadi ya matanga itolewe kwenye kamera sasa hivi. Kila kitu kipya kinachoandikwa juu yake kinaweza kukanyaga harusi. Mwambie mtu wa Bukavu asibonyeze tena "rekebisha".

Zile faili za KB 4 zisiwatishe. Si video. Mac ina maelezo yake ya ziada kuhusu kila faili, na ikiwa kwenye diski isiyo ya kwake inayaweka pembeni kwenye faili yenye jina lile lile lililotanguliwa na ._ mbele. Kwenye Mac huzioni, kwenye Windows zinajaa. Premiere, programu ya montaji, ikijaribu kuziingiza inasema faili imeharibika, na mtu anadhani video yake imekufa. Video yenyewe iko jirani, bila hiyo alama.

MzeeWaMontaji (Lubumbashi)
Nakubaliana na Fundi, simkubalii dada. exFAT ndiyo iliyo ndani ya kadi yako ya GB 64! Kadi zote za SDXC, yaani zinazozidi GB 32, zinakuja nayo. Kama haifai kazi ya mteja, basi hata kamera yako haifai. Microsoft waliitoa 2006, Mac ikaanza kuisoma na kuiandika mwaka 2010 kwenye toleo la 10.6.5. Ni lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa bila kununua chochote.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: haina daftari la kumbukumbu. Mipangilio mingine, NTFS ya Windows, HFS+ na APFS za Mac, ina namna ya kujilinda waya ukichomolewa katikati ya kazi. exFAT haina. Ukichomoa kabla ya kubonyeza "Éjecter" (toa diski salama), jedwali linaloonyesha faili ziko wapi linabaki nusu nusu. Hapo ndipo Windows ya Bukavu ilipokuta tatizo. Mtu aliyechomoa waya Goma ndiye wa kuulizwa.

KameraYaHimbi (Goma)
Mzee, heshima kwako, lakini mwenzangu anaapa alibonyeza Éjecter na alingoja alama ipotee.

Birere_Elektroniki (Goma)
Mnazunguka. Ulizeni kwanza diski ilinunuliwa wapi. Hapa mjini kuna diski na kadi zilizoandikwa TB 2 nje, ndani zina sehemu ndogo sana ya hiyo. Chombo kimedanganywa kiseme ni kikubwa. Unakopi, kinapokea, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, ila kikishajaa kweli kinaandika juu ya vya zamani au hakiandiki kitu. Video mbili zenye jina na ukubwa lakini hazichezi, hiyo ndiyo alama yake. Weka programu ya kupima, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac, utajua ukweli.

FundiKadutu (Bukavu)
@Birere_Elektroniki usimwambie hivyo bila kumwonya! H2testw inajaribu diski kwa KUIANDIKA mpaka ijae. Akiiendesha leo, amezika harusi. Kipimo hicho ni cha siku ya kununua, chombo kikiwa kitupu, kabla ya kuweka kitu chochote.

Birere_Elektroniki (Goma)
Sawa mukubwa, umesema kweli. Dada, usipime sasa. Kwanza okoa, utapima baadaye.

MamaMontaji (Goma)
Nimesoma juu mpaka chini na nashangaa hakuna aliyeuliza swali hili: kadi zilikopiwa kwenye folda ngapi?

Sony inaweka video za XAVC S (aina yake ya video) kwenye folda ya PRIVATE, halafu M4ROOT, halafu CLIP. Kadi ya kwanza ina folda ya CLIP, kadi ya pili ina folda ya CLIP pia, na ndani yake kote kuna C0001.MP4, C0002.MP4 na kuendelea, kwa sababu kadi ikifomatiwa kamera nyingi zinaanza kuhesabu upya. Sasa mtu anaburuta CLIP ya kadi A kwenye folda ya harusi. Sawa. Kisha anaburuta CLIP ya kadi B mahali pale pale. Mac inamwambia kuna kitu chenye jina hilo, inampa "Remplacer" (weka mpya badala ya ya zamani). Aliyezoea Windows anadhani folda mbili zitachanganyika, maana Windows inafanya hivyo: inaunganisha folda, kisha inauliza kuhusu faili moja moja. Mac haifanyi hivyo. Remplacer ya Mac kwenye folda maana yake folda ya zamani INAONDOKA YOTE na mpya inakaa mahali pake. Haiulizi faili moja moja. Kadi A imekwisha, na diski haina ugonjwa wowote.

Nimefundisha vijana wengi montaji na hili ndilo ninalorudia kila wiki, kwa sababu linakula kazi za watu bila kelele. Mtu anamaliza kukopi, anaona video zipo, anafungua moja inacheza, anafurahi, anafomati kadi. Siku ya montaji ndipo anagundua kamera ya pili haipo. Folda moja kwa kila kadi, na jina lake lianze na kamera: KAM_A_KADI1, KAM_B_KADI1. Ndani yake weka kadi nzima kama ilivyo, pamoja na hivyo vifolda vya ajabu vinavyoonekana havina maana. Usichague MP4 peke yake.

Dada wa Himbi, kamera ipi ilikuwa kanisani?

KameraYaHimbi (Goma)
Mama, aksanti sana. Kanisani ilikuwa kamera A. Na video zinazocheza, nikiangalia picha alizonitumia mtu wa Bukavu, karibu zote ni za kamera B. Ngoja nimuulize mwenzangu aliburuta namna gani.

MzeeWaMontaji (Lubumbashi)
Mama ameeleza vizuri na ninampa haki yake. Lakini bado: Remplacer haielezi kwa nini Windows ililalamika, wala video mbili zisizofunguka. Folda iliyofutwa haiachi video yenye ugonjwa.

Nguba_Films (Bukavu)
Hizo mbili naweza kuzieleza mimi. Faili ya MP4 ina faharisi yake, ile inayosema picha ipi iko wapi na sauti iko wapi, na mara nyingi kamera inaiandika mwishoni. Ukikosa mwisho wa faili, hata kama GB 3 zote za mwanzo zipo, hakuna programu itakayoicheza. Kwa hiyo kopi ilikatika katikati. exFAT inaweka namba mbili kwa kila faili: urefu uliotengwa na urefu ulioandikwa kweli. Unaweza kuona ukubwa kamili na ndani kukawa na pengo. Kuna programu ya bure inaitwa untrunc, unaipa faili nzima iliyopigwa na kamera ile ile kwa mpangilio ule ule, inajenga faharisi upya kwa iliyovunjika. Inaokoa kilichopo, haiumbi kisichokuwepo.

Kuraa (umeme) ilikatika mkikopi?

Lushi_Kamalondo (Lubumbashi)
Kaka, kuraa kukatika Goma si swali 😄

Nguba_Films (Bukavu)
Nawe wa Lubumbashi unacheka, delestaji (mgao wa umeme) yenu tunaijua.

KameraYaHimbi (Goma)
Kuraa ilikatika usiku ule, ndiyo. Lakini MacBook ina betri, na diski ni ile ndogo inayokula umeme wa USB. Haikuzimika.

Birere_Elektroniki (Goma)
Ilichomekwa moja kwa moja, au kwenye kile kigawanyo cha USB chenye adapta yake ukutani? MacBook mpya, matundu yake ya USB ni ya USB-C tu, wengi wanatumia kigawanyo. Kama kinalishwa na ukuta na kuraa ikaenda, diski inadondoka sekunde hiyo hiyo hata kama Mac inaendelea kuwaka. Na vile vya bei ndogo vinadondosha diski hata kuraa ikiwepo, ukichomeka kisoma-kadi na diski pamoja.

Kasapa_Info (Lubumbashi)
Niongeze jambo ambalo halijaguswa. Diski ikidondoka hivyo kwenye Mac, ukiichomeka tena haionekani. Si kwamba imekufa: nyuma ya pazia Mac inaendesha fsck_exfat, inakagua diski yote, na kwa TB 2 zilizojaa inaweza kuchukua muda mrefu bila kukuonyesha dirisha lolote. Mtu anangoja, anachoka, anachomoa tena katikati ya ukaguzi. Anaongeza kidonda juu ya kidonda. Fungua Activity Monitor, andika fsck, utaiona inafanya kazi. Iache imalize.

Pia majina. Mwenzako aliandikaje jina la folda? Mac inakuruhusu kuandika "Harusi 14/6" au "Kanisani sehemu ya 1?". Windows haikubali / wala : wala ? wala * wala | kwenye jina, na inasumbuka na jina linaloishia kwa nafasi tupu au nukta. Nimeona folda nzima inayoonekana kwenye Windows lakini haifunguki wala haifutiki, sababu ni nafasi moja tupu mwishoni mwa jina. Rudisha diski kwenye Mac, badilisha jina, kila kitu kinarudi.

MamaMontaji (Goma)
@Kasapa_Info hili la majina ni la kweli kabisa, na lina dawa rahisi: herufi za kawaida, namba na mstari wa chini tu. Lakini mtu wa Bukavu amesema hata jina la folda ya kanisani halioni.

Kasapa_Info (Lubumbashi)
Halionekani kabla ya kurekebisha au baada? Alibonyeza rekebisha kwanza, ndipo akaangalia. Hatujui kilichokuwepo kabla.

FundiKadutu (Bukavu)
Hapo umegusa. Chkdsk, ndiyo hiyo "rekebisha" ya Windows, haikusudii kuokoa video zako, inakusudia diski iwe na jedwali lisilogombana. Ikikuta vipande visivyo na mwenyewe inavikusanya kwenye folda iitwayo FOUND.000, na faili ndani zinaitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK. Folda hiyo imefichwa. Dada, mwambie aonyeshe faili zilizofichwa na za mfumo, aangalie tu, asifute.

TicTac_Ibanda (Bukavu)
Ndugu zangu, kwa nini mateso yote haya? Fomati NTFS, nunua programu ya Paragon au Tuxera kwa Mac, kwisha. Mac peke yake inaisoma NTFS lakini haiandiki. Ukiweka programu inaandika. Una daftari la kumbukumbu na Windows inafurahi.

MzeeWaMontaji (Lubumbashi)
Na siku Mac inasasishwa na programu yako bado haijafuata toleo jipya? Mara nyingi unabaki na diski ya kusoma tu, mteja yuko mlangoni. Mimi nafanya kinyume: diski ya kazi ni ya upande mmoja tu. Wa Mac abaki na HFS+ au APFS, wa Windows abaki na NTFS, na exFAT iwe ya safari peke yake. Kitu cha safari kinabeba nakala, hakibebi video pekee iliyopo duniani. Anayetumia Final Cut, programu ya montaji ya Mac, tena hana la kuchagua, maktaba yake haitakiwi kukaa kwenye exFAT.

Na mumwonye mtu wa Windows: akipewa diski ya Mac ya APFS, Windows huenda isiseme "siijui". Inaweza kumwambia inabidi aifomati ndipo aitumie. Abonyeze "Annuler" (ghairi) na mikono aiweke mfukoni.

Lushi_Kamalondo (Lubumbashi)
Sisi ofisini mashini mbili ziko chumba kimoja, tunaziunganisha kwa waya wa mtandao. Windows inashirikisha folda, Mac inaandika humo. Diski inabaki NTFS, kwa kuwa anayeandika kweli ni Windows. Hakuna kuchomeka wala kuchomoa.

KameraYaHimbi (Goma)
Yaya, kati yangu na Bukavu kuna ziwa 🙂 Waya wako hautafika.

Lushi_Kamalondo (Lubumbashi)
Basi tumieni intaneti.

Nguba_Films (Bukavu)
Kadi mbili za GB 64 kwa intaneti yetu? Boti litakwenda na kurudi kabla hujafika nusu. Na vifurushi utavilipa kuliko harusi yenyewe.

Himbi_Drone (Goma)
Kuhusu boti: tunafunga diski kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, ndani ya kisanduku kigumu chenye sponji, na tunampa mtu tunayemjua, haiwekwi kwenye mizigo. Unyevu ni adui, na mtikiso pia. Hapa Goma hata kabla ya kufika bandarini moto (pikipiki) imeshakurusha juu ya makoro (mawe ya volkano) njia nzima. Diski yenye sahani inayozunguka haipendi hilo. Nani amefikiria kwamba labda iligongwa tu? Sikilizeni kama inalia "tak, tak".

MzeeWaMontaji (Lubumbashi)
Ikiwa inalia tak tak, hakuna programu tena hapo. Zima.

MamaMontaji (Goma)
Nataka turudi kwenye salama yenyewe, maana format yoyote mtakayochagua, kopi isiyohakikishwa si kopi. Kuangalia kwamba "zimefika 42 na zilikuwa 42" hakutoshi. Video mbili za dada zilifika na hazichezi.

Kila faili ina alama yake ya MD5, herufi na namba 32. Ikibadilika hata chembe moja ndani ya faili, alama yote inageuka. Kwenye Mac fungua Terminal, andika md5, acha nafasi, buruta video ndani ya dirisha, bonyeza Enter. Kwenye Windows andika certutil -hashfile C0001.MP4 MD5. Alama mbili zikilingana herufi kwa herufi, video iliyofika Bukavu ndiyo iliyotoka Goma. Zisipolingana, kadi bado unayo, unakopi tena, hakuna aliyelia. Kwa video nyingi TeraCopy kwenye Windows inaweza kuhakikisha yenyewe baada ya kukopi, na kwenye Mac wenye uwezo wananunua Hedge, siku hizi inaitwa OffShoot, au ShotPut Pro. Asiye na hela ana rsync.

Mtaniambia inachukua muda. Ndiyo. Kadi ya GB 64 kwa USB 2 ya MB 30 kwa sekunde ni zaidi ya nusu saa, na kuihakikisha ni muda mwingine kama huo. Bibi harusi hawezi kuingia kanisani mara ya pili ili umpige vizuri. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimekaa na familia zilizoambiwa "samahani, imepotea".

Na ile swichi ndogo pembeni ya kadi, ishushe kwenye LOCK kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta yoyote. Mac ikiona kadi iliyo wazi inaandika vitu vyake humo bila kukuuliza.

Kasapa_Info (Lubumbashi)
Mama, nyongeza ndogo: hiyo swichi kadi yenyewe haiijui, ni kisoma-kadi kinachoiangalia na kuitii. Visomaji vibovu vinaipuuza. Usiitegemee peke yake.

MamaMontaji (Goma)
Sahihi, aksanti.

KameraYaHimbi (Goma)
Nimerudi. Mambo matatu. Mtu wa Bukavu ameiona FOUND.000, ina faili kadhaa za CHK, moja ni ya GB zaidi ya 2. Mwenzangu anasema kila kadi aliipa folda yake, ila hakumbuki kama ilikuwa kwenye Mac tu au na kwenye diski. Na kigawanyo cha USB ndiyo kina adapta ya ukutani, Birere ulipatia. Ila kadi ambayo haijaguswa ni ya kamera B. Iliyopigiwa matanga ni ya kamera A, ya kanisani.

Birere_Elektroniki (Goma)
Nilisema! Kigawanyo.

MzeeWaMontaji (Lubumbashi)
Kigawanyo kinaeleza jedwali lililovunjika na video mbili. Folda nzima ya kamera A kutoweka, bado nasita. Diski ikidondoka inaweza kupoteza folda iliyokuwa inaandikwa dakika hiyo, na hiyo ingekuwa ya mwisho kukopiwa. Ipi ilikopiwa kwanza?

MamaMontaji (Goma)
Kama A ilikuwa ya kwanza, narudi kwenye Remplacer yangu.

KameraYaHimbi (Goma)
Anasema "nadhani A".

FundiKadutu (Bukavu)
Tutaendelea kubishana, kadi isubiri? Matanga mlipiga muda gani?

KameraYaHimbi (Goma)
Kama saa moja, kwa Mbps 50.

FundiKadutu (Bukavu)
Hiyo ni kama GB 22 juu ya kadi ya 64. Kadi ilifomatiwa ndani ya kamera, kwa hiyo yaelekea mwanzo wa harusi umekanyagwa, lakini nyuma ya hapo huenda pako salama, kama kamera haikusafisha kadi yote ilipofomati. Tutatoa kwanza picha kamili ya kadi, chembe kwa chembe, halafu PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ifanye kazi juu ya hiyo picha, si juu ya kadi. Majina ya faili yatapotea, mtapanga upya kwa kutazama. Faili ya CHK ya GB 2 tutainakili, nakala tuiite .MP4 tuone kama inacheza.

Tuma kadi ya A kwa mtu unayemwamini, swichi iwe kwenye LOCK. Ya B ibaki Goma mpaka iwe na nakala mbili.

Himbi_Drone (Goma)
Nashuka Bukavu kesho na boti la asubuhi. Dada, nipitie wapi kuichukua?